Lugha ya R na hesabu ya miti katika mashamba ya Meru

R ni lugha huria ya tarakilishi iliyobuniwa mahsusi kwa kuchanganua takwimu na kuchora grafu. Hutolewa bila malipo, na msimbo wake asilia uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, kuubadilisha au kuugawa. Watafiti wa kilimo, misitu, afya na uchumi huitumia katika vyuo vikuu na taasisi za Afrika Mashariki. Mojawapo ya vifurushi vyake mashuhuri miongoni mwa wanaikolojia, BiodiversityR, kilitokana na kazi iliyofanywa Nairobi kuhusu miti inayokuzwa mashambani.

Miti hiyo ndiyo inayoileta R karibu na mkazi wa Mikinduri, mji ulioko Tigania Mashariki katika Kaunti ya Meru. Jina la mji huo linalingana na wingi wa mukinduri, jina linalotumiwa na wakazi wa pande za Mlima Kenya kwa mti ambao wataalamu huuita Croton megalocarpus. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayezuru mashamba ya eneo hilo, yenye miraa, kahawa na mahindi, akihesabu kila mti anaoukuta. Katika fomu moja msaidizi wake ameandika "mukinduri", katika nyingine "Mukinduri", katika ya tatu "mikinduri", katika ya nne "croton" na katika ya tano "C. megalocarpus". Kwa binadamu huo ni mti mmoja. Kwa R ni aina tano za miti, kwa kuwa lugha hiyo hutofautisha hata herufi kubwa na ndogo. Jedwali litakalotoka litayapa mashamba ya Mikinduri utajiri wa miti ambao hayana, na tarakilishi haitasita wala kuonya.

Jambo hilo linastahili kutangulia sifa nyingine zote za lugha hii. R hutenda inachoambiwa. Ubora wake ni kwamba yote iliyoambiwa hubaki kwa maandishi, na mtu mwingine anaweza kuyasoma mstari kwa mstari na kugundua mahali ambapo mti mmoja uligeuka kuwa mitano.

Chimbuko la R ni lugha iitwayo S, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani na John Chambers pamoja na wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wahadhiri wawili wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walitunga lugha inayofanana na S, wakaipa jina la herufi inayoanza majina yao yote mawili. Waliitangaza kwa umma mwaka wa 1993. Miaka miwili baadaye, kwa ushawishi wa Martin Mächler, mtaalamu wa takwimu wa mjini Zurich, waliiachilia chini ya leseni huria ya GPL. Tangu 1997 imekuwa mikononi mwa kundi la wataalamu kutoka nchi mbalimbali, na mwaka huo huo hazina ya vifurushi iitwayo CRAN ilianzishwa mjini Vienna, Austria. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari, 2000. Kufikia mwaka wa 2024 hazina hiyo ilikuwa na vifurushi zaidi ya 20,000.

Kifurushi ni mkusanyiko wa amri zilizotungwa kwa kazi maalumu, zikiambatana na maelezo na aghalabu mifano ya data. Mtaalamu wa malaria ana vifurushi vyake, mchumi ana vyake, na mtu wa misitu ana vyake. Anayevitumia havilipii, wala haombi idhini ya mtu.

Hata hivyo, neno "huria" halina maana sawa na "bure". Programu inaweza kutolewa bure huku hesabu zake zikiwa zimefichwa. Katika R, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, akiwa na shaka kuhusu jinsi amri fulani inavyokokotoa jibu lake, anaweza kuandika jina la amri hiyo bila mabano, na aghalabu msimbo wake utajitokeza mbele yake ausome. Haki hiyo ni kubwa kuliko akiba ya leseni, ingawa akiba nayo si haba. Programu za kibiashara kama SPSS na Stata hulipiwa, na leseni nyingine huisha baada ya mwaka. Leseni ikiisha, mtafiti hubaki na faili asizoweza kuzifungua kwa urahisi.

Tofauti nyingine imo katika namna ya kufanya kazi. Anayetumia programu ya kubofya huchagua menyu, huteua safu, hubonyeza kitufe na kunakili jibu. Akiulizwa miezi sita baadaye kwa nini aliacha nje mashamba saba, huenda asikumbuke. Mtumiaji wa R huandika amri zake katika faili ya maandishi. Mathalani, mstari usemao wastani <- mean(miti) huiagiza R kukokotoa wastani wa idadi ya miti na kuuhifadhi kwa jina "wastani". Mashamba saba yakiondolewa, kuna mstari unaoyaondoa, na mtafiti makini huongeza kando yake alama ya # na sababu ya kufanya hivyo. Data mpya zikiletwa kutoka nyanjani, faili ile ile huendeshwa tena na majedwali yote hujisahihisha.

Historia ya BiodiversityR inaonyesha kwamba Kenya haikuwa mpokeaji tu wa lugha hii. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto cha miti, ICRAF, kilianzishwa mwaka wa 1978 na kina makao yake Gigiri, Nairobi. Mwaka wa 2019 kiliungana na kituo cha misitu cha CIFOR cha Indonesia. Mwaka wa 2005 watafiti wake wawili, Roeland Kindt na Richard Coe, walichapisha jijini Nairobi kitabu cha mwongozo kuhusu uchanganuzi wa aina za miti, kikiandamana na programu iliyotumia R. Kitabu hicho kilitolewa bila malipo. Programu ilikua ikawa kifurushi cha BiodiversityR, ambacho Kindt ameendelea kukitunza, na ambacho hutegemea kifurushi kingine kiitwacho vegan, kazi ya Jari Oksanen wa Finland na wenzake. Ili kumhurumia mgeni wa lugha, kina pia menyu zinazofanya kazi kupitia R Commander, kiolesura kilichobuniwa na John Fox wa Canada.

Maswali yaliyokuwa mbele ya watafiti hao yalitoka katika mashamba halisi. Mwaka wa 2003, Ard Lengkeek aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, tasnifu ya uzamifu kuhusu jinsi wakulima wa Meru wanavyotunza aina mbalimbali za miti. Mwaka uliofuata yeye na Sammy Carsan walieleza mradi wa kuwashirikisha wakulima wa Meru katika kuendeleza miti ya mashambani. Mwaka wa 2006, Kindt na wenzake walichapisha utafiti kuhusu miti ya mashamba ya magharibi mwa Kenya. Mwaka wa 2013, Carsan na wenzake waliandika kuhusu namna mabadiliko ya uzalishaji wa kahawa yanavyohusiana na miti katika mashamba madogo yanayouzunguka Mlima Kenya. Swali la mwisho lina uzito mkubwa kwa wenyeji: mkulima akiipa kahawa kisogo, je, miti ya shambani huongezeka, hupungua, au hugeuka kuwa ya aina moja tu?

Mtu asiyezoea takwimu angedhani jibu ni kuhesabu tu. Ukweli ni kwamba idadi ya aina za miti huongezeka kadiri mtafiti anavyozuru mashamba mengi zaidi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba katika kijiji cha kwanza mashamba 40 yalizuriwa zikapatikana aina 62, na katika kijiji cha pili mashamba 15 yalizuriwa zikapatikana aina 38. Haifai kutangaza kwamba kijiji cha kwanza ndicho tajiri wa miti. Kilichunguzwa zaidi, basi.

Njia ya haki ni kuuliza: kama ni mashamba 15 tu yangezuriwa katika kijiji cha kwanza, zingepatikana aina ngapi? R huweza kuchagua mashamba 15 kati ya yale 40 kwa kubahatisha, ikahesabu aina, ikarudia zoezi hilo mara 1,000 na kutoa wastani. Ikifanya hivyo kwa shamba moja, mawili, matatu hadi 40, hupatikana mchoro unaopanda kwa kasi mwanzoni kisha kulegea. Pale ambapo mchoro bado unapanda kwa kasi, mtafiti hajamaliza kazi ya nyanjani, hata kama bajeti imemalizika. Kazi hiyo ingemchosha mtu mwenye kalamu na karatasi kwa wiki kadhaa. R huimaliza kabla mtafiti hajamaliza kumeza funda la chai.

Idadi ya aina pekee nayo huficha jambo. Chukua mashamba mawili, kila moja likiwa na miti 100 ya aina tano. Katika la kwanza kila aina ina miti 20. Katika la pili kuna migrevilea 96, na zile aina nyingine nne zina mti mmoja mmoja. Kwa hesabu ya aina, mashamba hayo ni sawa. Kwa kipimo kiitwacho faharasa ya Shannon, ambacho huzingatia pia usawa wa mgao, la kwanza hupata 1.61 na la pili 0.22. Ugonjwa wa mgrevilea ukizuka, mkulima wa shamba la pili atabaki na miti minne. Tofauti hiyo ndiyo ambayo mwongozo wa Kindt na Coe ulikusudia kuiweka wazi, na unapendekeza kutazama vipimo kadhaa kwa pamoja badala ya kutegemea kimoja.

Lakini hesabu hizo zote husimama au huanguka kwa usafi wa data, na hapa ndipo mukinduri unaporejea. Njia ya busara ya kusawazisha majina si kuifungua faili asilia na kuibadilisha kwa mkono. Faili asilia huachwa kama ilivyotoka nyanjani. Mtafiti hutengeneza faili ya pili yenye safu mbili: jina kama lilivyoandikwa na msaidizi, na jina la kitaalamu la mti huo. Kisha huziunganisha faili hizo kwa amri iitwayo "merge". Kila uamuzi kuhusu jina huonekana katika faili ya pili, na mzee wa kijiji anayeijua miti kuliko mtafiti anaweza kuikagua bila kujua chochote kuhusu tarakilishi.

Amri hiyo ina mtego. Isipoelekezwa vinginevyo, hutupa kimyakimya safu mlalo ambazo jina lake halikupatikana katika faili ya pili. Mti ulioandikwa kwa tahajia ya sita, ambayo mtafiti hakuikumbuka, hutoweka. Kwa hivyo anayejali kazi yake huhesabu safu mlalo kabla na baada ya kuunganisha. Idadi zikitofautiana, husimama na kutafuta zilizopotea.

Mtego mwingine uko kati ya sifuri na pengo. Shamba lisilo na hata mti mmoja wa Vitex keniensis, ule unaofahamika sokoni kama Meru oak, huandikwa 0. Shamba ambalo mwenyewe hakuwepo na miti haikuhesabiwa huandikwa NA, alama ya R ya taarifa inayokosekana. Ukiiomba R wastani wa safu yenye NA, hukurudishia NA. Wanafunzi wengi hukasirishwa na tabia hiyo, ilhali R inawauliza swali la msingi: je, unataka kuyaacha nje mashamba usiyoyajua, na una sababu gani? Anayejaza sifuri mahali pa mapengo ili amri ikubali kufanya kazi amekwisha kuwasingizia wakulima umaskini wa miti.

Ikiwa nia ni kulinganisha mashamba ya miraa na ya kahawa, kuna tahadhari moja zaidi. Mashamba 60 yaliyochaguliwa katika vijiji vitatu si sawa na mashamba 60 yaliyotawanyika katika eneo zima, kwa kuwa majirani hupeana mbegu na miche na hivyo mashamba yao hufanana. Kifurushi cha lme4 huwezesha kuzingatia jambo hilo, lakini hakiwezi kulibuni jina la kijiji ambalo halikuandikwa katika fomu.

Kwa upande wa vifaa, mahitaji ya R si makubwa. Faili ya kuisakinisha katika Windows ni chini ya megabaiti 100, na lugha hiyo hufanya kazi vilevile katika Linux na Mac. Data za mashamba 200 ni chache mno kuweza kuisumbua hata tarakilishi ya zamani. Intaneti huhitajika wakati wa kupakua R na vifurushi. Baada ya hapo kazi huendelea bila mtandao, jambo lenye manufaa kwa anayenunua bando kwa siku. Wengi huiandika ndani ya RStudio, programu iliyotolewa mwaka wa 2011 ambayo toleo lake huria halilipiwi.

Ugumu upo, na si haki kuuficha. Majuma ya kwanza huchosha. Koma moja ikikosekana, kazi yote husimama, na ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza kigumu hata kwa wenye lugha hiyo. Kwa ajili hiyo, mwaka wa 2015 wanahisabati na wanatakwimu waliohusiana na shirika la African Maths Initiative la Kenya na wenzao wa Uingereza walichangisha fedha mtandaoni ili kutengeneza R-Instat, programu huria yenye menyu ambayo huitumia R chinichini na kumwonyesha mtumiaji amri zilizoandikwa kwa niaba yake. Ni daraja zuri kwa mwanafunzi, mradi asilifanye makao.

Kuna njia nyingine ambayo baadhi ya wanafunzi huifuata: kumlipa mtu "awafanyie data". Wao hurejea na majedwali yaliyopangwa vizuri, wasijue yalivyopatikana. Mbele ya watahini, swali dogo kama vile "mapengo uliyashughulikiaje?" huwaacha kimya. Hata anayepata msaada wa mtaalamu, jambo ambalo si kosa, anapaswa kudai faili ya amri pamoja na majedwali, kisha aiendeshe mwenyewe na kuona kama namba zile zile zinatoka.

R imewafaa pia Wakenya wasiohesabu miti. Matokeo ya sensa ya Agosti 2019 yalichapishwa katika majuzuu ya PDF, muundo unaosomeka kwa macho lakini unaosumbua kuuchanganua. Shelmith Kariuki, mtaalamu wa data, aliyageuza majedwali hayo kuwa kifurushi cha rKenyaCensus. Kwa amri chache msomaji anaweza kuona kwamba Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714 na Embu 608,599, kisha akaendelea hadi kwenye majedwali ya ngazi za chini bila kunakili namba hata moja kwa mkono.

Uwazi wa msimbo, hata hivyo, haumaanishi uwazi wa siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawahusu pia watafiti. Jina la mkulima na nambari yake ya simu havina kazi katika hesabu ya miti. Nambari ya utambulisho inatosha, na orodha inayounganisha nambari hiyo na jina huhifadhiwa mbali. Vipimo vya GPS navyo vinaweza kumfikisha mgeni hadi lango la mtu, hivyo haifai kuvichapisha vikiwa kamili.

Liko pia suala la matoleo. Toleo la 3.6.0 la mwaka wa 2019 lilibadilisha namna R inavyochagua sampuli kwa kubahatisha, kwa hivyo zoezi la mashamba 15 kati ya 40 linaweza kutoa namba tofauti kidogo katika toleo la kabla na la baada, hata mtafiti akianzia kwa amri ya "set.seed", ambayo kwa kawaida hufanya bahati ile ile ijirudie. Toleo la 4.0.0 la mwaka wa 2020 nalo liliacha mazoea ya kuyageuza maneno, yakiwemo majina ya miti, kuwa makundi mara tu faili inaposomwa. Amri za zamani zinaweza kukwama kwa sababu hiyo. Amri ya "sessionInfo" huorodhesha toleo la R na la vifurushi vilivyotumika, na matokeo yake huwekwa pamoja na faili ya data asilia, faili ya majina na faili ya amri. Ile ya "citation" hutoa maneno kamili ya kuitaja R, au kifurushi chochote, katika marejeo ya tasnifu.